Kukaza na Kulegeza: Historia ya Kwetu Masasi na Newala



Tumefika mwaka wa kumi tangu tufungue sanduku letu mwezi wa pili 2015. Kamati ya sherehe iliniomba mimi kama Mwenyekiti niandike historia. Nilipokaa na kalamu nikaona mambo ya hisa, mikopo na faini Katibu ameshayaeleza vizuri, nami nikiyarudia nitawachosha bure. Kwa hiyo naandika juu ya jambo moja lililonikosesha usingizi kwa miaka yote hii kumi. Kiongozi anayetaka watu wabadilike, akaze kamba kiasi gani, na alegeze kiasi gani?

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, mtanisamehe palipopinda. Mambo ya zamani nimeyapata kwa bibi yangu mzaa baba, na mengine nilisomewa na mwalimu mmoja mstaafu wa hapa kwetu. Ya kikundi nimeyaona kwa macho, na mengine niliyafanya mwenyewe.

Bibi yangu alikuwa Mmakua wa Masasi. Aliingia unyago mara mbili. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunacheka, maana mtu anachezwa mara moja, kama vile anavyozaliwa mara moja. Yeye hakucheka. Alisema, "Mara ya kwanza nilichezwa mchana, na kanisa. Mara ya pili nilichezwa usiku, na mama zangu." Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa maana yake, na ndiyo historia ninayotaka kuanza nayo.

Misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere wa UMCA. Alifika na watu waliokombolewa utumwani, ambao kwao kulikuwa upande wa Ziwa Nyasa, wakatua hapa kwenye milima yetu ya mawe wasiendelee tena. Tangu mwanzo kulikuwa na mvutano juu ya jando na unyago. Kwa Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wamwera, mtu ambaye hajapita huko si mtu mzima. Hata aote mvi, ataitwa mtoto. Sasa mzazi Mkristo afanyeje? Akimzuia mwanawe, kijana anakuwa kichekesho cha kijiji na hapati mke. Akimpeleka, anahesabiwa amerudi kwenye mizimu. Wapo wamishonari waliosema mambo hayo yote ni ya giza, Mkristo asiyaguse. Basi watoto walikuwa wanatoroshwa usiku. Huwezi kuzuia kitu ambacho mama mzazi anaamini ndicho kitamfanya mwanawe kuwa mtu.

Akaja padri mmoja, William Vincent Lucas. Alifika nchi hii mwaka 1909, na mwaka 1926 ilipoundwa Dayosisi ya Masasi akawa askofu wake wa kwanza, mpaka 1944. Karibu na mwaka 1913 ndipo lilipoanza jando la Kikristo. Wanavyuoni wameandika sana juu ya jambo hili, na wengi wanampa sifa yeye peke yake. Mimi naona si haki. Mapadri na walimu Waafrika ndio waliokuwa wakimweleza hali halisi, kwa sababu wao walipita kumbini wenyewe na watoto waliokuwa wanatoroshwa ni wa kwao. Mmoja wao ni Padri Kolumba Msigala, ambaye aliacha kumbukumbu zake kwa maandishi. Tena Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 Wajerumani waliwakamata wamishonari Waingereza, na kanisa la Masasi likabaki mikononi mwa watu wa hapa hapa. Halikufa. Kwa hiyo Askofu Lucas alikuwa na watu wa kumwambia ukweli, na sifa yake kubwa ni kwamba aliwasikiliza.

Walifanya nini? Hawakufuta jando. Waliacha kumbi, waliacha kutahiri, waliacha vijana wakae porini na kufundishwa adabu na wazee, waliacha siku ya kutoka watoto wakiwa na nguo mpya na shangwe. Walichokataa ni kuomba mizimu, wakaweka sala za kanisa mahali pake. Walikataa pia mafundisho ya matusi. Hapo hapakuwa na majadiliano. Padri alikuwepo, na aliyetaka jando la kanisa alifuata masharti ya kanisa.

Angalieni hapo, akina mama. Kwenye mizimu askofu alikaza kama chuma. Kwenye kumbi alilegea kabisa, kwa sababu alielewa kumbi ina uzito gani kwa mzazi. Kama angekaza kote, watoto wangeendelea kutoroshwa. Kama angelegeza kote, asingekuwa amebadilisha chochote, angekuwa amekwenda kula pilau ya watu tu.

Lakini sasa nirudi kwa bibi yangu. Jando la wavulana lilikubalika sana, la wasichana halikukubalika hivyo. Kanisa lilijaribu kuweka unyago wake, na mabibi wa misheni walishirikishwa. Tatizo ni kwamba mambo ya unyago mwenyewe ni nyakanga, na nyakanga hana sababu ya kumweleza askofu wala padri kinachosemwa ndani ya nyumba ya wali. Yapo mambo ambayo kanisa liliyapiga marufuku moja kwa moja, na nisingependa kuyaandika katika kitabu hiki kitakachosomwa na watoto. Akina mama waliitikia ndiyo mbele ya padri. Kisha usiku wakawachukua mabinti wao na kuwacheza tena walivyotaka wao. Ndiyo bibi yangu mara mbili.

Kwa maoni yangu mimi, askofu huyu mwenye busara nyingi alikaa sana na wanaume. Kwa wavulana alisikiliza kwanza ndipo akaamua. Kwa wasichana uamuzi ulitangulia, na masikio yakaja baadaye. Tofauti yenyewe ni hiyo tu, na ilitosha.

Nimelikumbuka jambo hili mara nyingi kwa sababu nilifanya kosa lile lile. Lakini kabla sijafika huko nieleze lingine ambalo wengi wetu tuliozidi miaka hamsini tunalikumbuka kwa miili yetu.

Mimi nilizaliwa mwaka 1969, upande wa Newala, kwao mama yangu. Huko juu maji hayapo. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaomeza mvua yote, na mto hauna. Akina mama walishuka ukingo wa mlima kwenda kuchota bondeni na kupanda na mtungi kichwani, safari ya nusu siku, wengine waliamka saa nane za usiku. Aliyewahi kusimama pale Shimo la Mungu akaangalia chini kuelekea Ruvuma ataelewa ninachosema. Miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, maji yakasukumwa kwa mashine kutoka bondeni Kitangari kwenda juu, lakini si kila mtu aliyafikia.

Halafu vikaja vijiji. Kwetu mkoa wa Mtwara watu walianza kukusanywa mapema kuliko sehemu nyingi, kwa sababu ya vita ya Msumbiji ng'ambo ya mto. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Nia ilikuwa njema. Shule, zahanati, maji, vyote ni rahisi watu wakikaa pamoja. Mimi ninayeandika hapa ni tunda la jambo hilo, kwa maana niliingia darasa la kwanza mwaka 1977 wakati wa UPE, na pengine tungebaki kule msituni nisingejua hata kusoma jina langu. Kwa hiyo simtukani mtu.

Ila namna lilivyofanyika! Watu waliambiwa siku, gari likaja, vyombo vikapakiwa. Aliyechelewa, nyumba yake ilibomolewa. Nilikuwa mdogo lakini namkumbuka mama amekaa juu ya furushi, analia bila sauti. Alikuwa anaililia mikorosho, ambayo haihami. Ilibaki mbali, hakuna wa kuipalilia wala kuichomea majani, pori likaimeza. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Sisemi ni vijiji peke yake. Ugonjwa wa ubwiri unga uliingia, na bei ya mkulima ilikuwa ndogo mno mtu hana hamu ya kuokota. Lakini muulize mzee yeyote wa Newala, atakutajia kwanza kuhamishwa. Kiongozi aliyekuja na amri hakuuliza swali moja tu dogo: mama, shamba lako liko wapi?

Kuna mtu mwingine ambaye ningependa vijana wa kikundi wamjue, ingawa si wa kwetu huku kusini. Ni Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam. Elimu yake ilikuwa darasa la nne, mimi nimempita kwa madarasa matatu lakini sijamfikia hata kwenye kifundo cha mguu. Mwaka 1955 mgeni mmoja wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alikutana na viongozi wa TANU akawauliza, mbona wanawake siwaoni? Wakatafutwa. Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU hakuanza kwa kuitisha mkutano na kuwahutubia wasikae nyuma. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, mmoja mmoja, akazungumza nao, na wao wakaenda kwa watu wao. Ilipofika Oktoba mwaka huo huo walikuwa wameandikishwa wanawake 5,000. Wengi hawakujua kusoma. Wengine waume zao hawakutaka. Lakini walikwenda na shoga zao, na mtu akienda na shoga yake haogopi.

Msije mkafikiri alikuwa mpole. Alikuwa na sauti ya kupasua, na alisema alichoamini hata kikimgharimu. Baadaye alipishana na wakubwa juu ya Azimio la Arusha, mwaka 1969 akakamatwa kwa shitaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatolewa kwa msamaha 1972. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Mimi ninachokishika kwake ni ile miezi ya mwaka 1955, alivyoanza na kitu ambacho wanawake walikuwa nacho tayari. Hakuwaambia waache ngoma ndipo wawe watu wa siasa.

Basi tuje nyumbani.

Tulianza wanawake kumi na wanane, Wamakonde, Wamakua na Wayao, wengine wa Masasi hapa na wengine walioolewa kutoka Newala. Mwaka wa pili, 2016, nilikuwa na moto sana. Nilihesabu mikopo ya mwezi wa saba na wa nane nikaona fedha nyingi inaishia kwenye unyago. Mchele, khanga, ngoma, mbuzi. Tena watoto wenyewe wadogo, wengine miaka minane, wanachanganywa na waliovunja ungo na kufundishwa mambo ya waume. Akirudi shuleni mawazo hayapo tena darasani. Nilikuwa na haki, na mpaka leo nasema nilikuwa na haki. Nikaitisha kikao nikasimama nikasema, kuanzia leo kikundi hiki hakitoi mkopo wa unyago, na mila hii tuifute, imepitwa na wakati.

Kimya. Kisha nyakanga wa mtaa wetu, mwanachama mwenzetu aliyekuwa amekaa nyuma kabisa na kikapu chake, akasema taratibu, "Mwanangu mwenyekiti, wewe ulichezwa na nani?"

Sikuwa na jibu, maana alinicheza yeye.

Mwezi ule wanachama sita hawakununua hisa. Mikopo ya unyago haikukoma, ilibadilika jina tu. Katika daftari ikawa biashara ya mchele, biashara ya khanga. Niliwafundisha wenzangu kudanganya, kama wale walivyofundishwa kumwitikia padri ndiyo.

Lakini hilo ni dogo. La kunichoma ni la msimu wa 2018. Mtakumbuka Oktoba mwaka ule wakulima wa Newala na Tandahimba walikataa bei ya mnada, na tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakapewa kazi ya kuzisomba. Tulipiga vigelegele. Lakini fedha ilitanguliwa na uhakiki, kwa sababu ya watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa bei ya kutupa, na wakulima wengi walikaa miezi bila kuona senti. Sisi mzunguko wetu ulikuwa unafungwa Januari 2019. Katiba inasema asiyerejesha, mali yake inachukuliwa. Nilikuwa nimejifunza kutoka lile la unyago kwamba nisipokaza watanipanda kichwani. Ndivyo nilivyojifunza, vibaya.

Mwenzetu mmoja alikuwa na deni la shilingi laki moja na themanini. Tulimwendea watu watano asubuhi. Alituambia, "Korosho yangu ipo ghalani, karatasi hizi hapa, subirini nilipwe." Alizitoa karatasi kweli, nikaziona. Nikasema katiba haisomi karatasi za ghala. Tukachukua redio, sufuria mbili kubwa na godoro jipya lililokuwa bado kwenye nailoni lake. Alishika godoro lile kona moja, mimi nimeshika nyingine, akasema, "Hili si langu, dada." Nikavuta.

Lilikuwa la binti yake. Alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza shule ya mbali, anakwenda kukaa hosteli. Alikwenda bila godoro, akawa analala kwa kubanana na mwenzake, wakawa wanamcheka. Pasaka akarudi nyumbani na hakwenda tena. Mwaka ule haujaisha akawa mjamzito. Mama yake alilipwa fedha za korosho mwezi wa nne na siku iyo hiyo akaleta deni lote, akaliweka mezani bila kukaa, akaondoka. Hakurudi kwenye kikundi kwa miaka miwili.

Sasa kuna watu watasema, mwenyekiti, usijilaumu, msichana angeweza kuacha shule hata akiwa na magodoro kumi. Inawezekana. Lakini mimi ndiye nililolishika godoro.

Baada ya hapo nikaogopa. Nikawa mama huruma. Mwaka 2020 kila aliyekuja na shida nilimwahirishia, huyu mgonjwa, huyu mume kaondoka, huyu mvua haikunyesha vizuri. Wakaninyooshea vidole vya sifa, eti mwenyekiti siku hizi ana moyo. Siku ya kuvunja sanduku fedha haikutosha. Kulikuwa na mjane mmoja, mzee wetu, alikuwa ananunua hisa moja moja kila wiki, hakukopa hata mara moja, anataka mabati ya nyumba yake. Alipata pungufu ya alichoweka. Alizihesabu zile noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga, akasema ahsanteni. Hakunilaumu. Mvua za masika zilimnyeshea ndani mwaka ule wote.

Huruma yangu kwa wale wakopaji ililipwa na mabati ya yule mzee. Sikuliona hilo wakati natoa ahirisho, kwa sababu mwenye shida alikuwa mbele yangu analia, na mjane alikuwa kwake kimya.

Ndipo, mwaka 2021, nilikwenda kwa nyakanga. Nilikwenda peke yangu, jioni, na kilo mbili za sukari. Nilimwamkia, nikakaa chini kwenye mkeka. Nikamwambia bibi, nimeharibu huku na nimeharibu kule. Alinikumbusha kwamba yule mwenzetu wa godoro ni mtoto wa ndugu yake, jambo ambalo nilikuwa nalijua na sikulitumia. Akasema twende wote. Tulikwenda siku ya pili, na nyakanga ndiye aliyezungumza, mimi niliomba msamaha tu. Yule mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Godoro mliliuza shilingi ngapi?" Nikamwambia elfu hamsini. Akasema, "Nililinunua elfu tisini." Hilo tu. Wiki iliyofuata alikuja kikaoni.

Novemba mwaka huo huo serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi shuleni. Nilikimbia kumpa habari yule binti. Alinisikiliza kwa heshima, akaniambia, "Mama mkubwa, mtoto wangu bado ananyonya, na wenzangu wako kidato cha tatu." Hakurudi. Anashona nguo, cherehani yake ya kwanza ilitokana na mfuko wa jamii wa kikundi. Sare tutakazovaa siku ya sherehe hii kashona yeye, na tumemlipa bei kamili.

Katiba tuliibadilisha mwanzoni mwa 2022. Mkopo ukichelewa siku saba, faini inalipwa, awe nani, hata mimi nimelipa mara mbili. Ukichelewa mwezi, watu watatu wanamwendea mkopaji kumsikiliza, na mmoja wao lazima awe amemchagua yeye mwenyewe. Mwenye karatasi za ghala anasubiriwa mpaka malipo yatoke. Hakuna kuchukua kitu cha mtoto, wala chombo cha kupikia, wala jembe. Lakini asiyekuwa na sababu hasubiriwi, na ahirisho halitolewi na Mwenyekiti peke yake chumbani, linatolewa kikaoni, mbele ya wenye hisa wote, pamoja na wale wasiokopa. Yule mjane anakaa mstari wa mbele siku hizo. Tangu hapo hatujavunja sanduku likiwa pungufu. Mabati ameshaezeka.

Na unyago? Tuliacha nyakanga aseme. Alisema yeye mwenyewe hapendi kucheza watoto wadogo, ila wazazi ndio wanaowaleta, kwa kuwa gharama ya kucheza ndugu wawili pamoja ni ndogo kuliko kuwacheza mbali mbali. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza kwa nini! Nilifikiri ni ujinga, kumbe ni hesabu. Basi tukaunda akiba ya wali, kila mwenye binti anaweka kidogo kidogo miaka mitatu kabla, asilazimike kuwaunga wadogo kwa wakubwa. Masharti ya nyakanga ni kwamba haingii ambaye hajavunja ungo, na hakuna kucheza shule ikiwa wazi. Kwenye hayo mawili halegezi, na yeye akikaza ni tofauti na mimi nikikaza. Ngoma ipo, khanga zipo, mbuzi yupo. Mimi mwenyewe nilikwenda Desemba iliyopita nikacheza mpaka magoti yakaniuma.

Nisije nikawadanganya kwamba mambo yamenyooka. Mpaka kitabu hiki kinakwenda kwa mpiga chapa, mwanachama mmoja ametuambia wazi kwamba binti yake wa miaka tisa atachezwa mwezi wa sita. Nyakanga wetu amekataa. Mama huyo amesema sawa, atampeleka juu, Newala, kwa nyakanga mwingine, usiku akitaka. Wapo wanaosema atolewe kwenye kikundi. Wapo wanaosema mtoto ni wa kwake, tumwache. Ana hisa nyingi, na hajawahi kuchelewa marejesho hata siku moja. Mama mkwe wake ni mgonjwa sana, na inasemekana ndiye anayetaka amwone mjukuu wake akitolewa nje kabla hajafa.

Tumemwita kikaoni Alhamisi saa tisa alasiri. Nyakanga ameomba azungumze yeye kwanza, na ameniomba mimi nikae kimya mpaka amalize. Yule mwenzetu wa godoro, ambaye sasa ndiye mshika ufunguo wa pili, amesema atakaa karibu na huyo mama.



Mwenyekiti